Vifaa vya Kiota kwa Ndege Wadogo wa Tundu

Ndege mdogo alaye mbegu, awe wa porini au wa tundu, akitaka kutaga hana budi kujenga kwanza. Wa porini hapati taabu, maana mbele yake pana nyasi za kila namna, manyoya, vijizizi na majani, naye huchagua apendacho. Wa tundu hali yake ni nyingine. Hupata kile tu alichotiliwa na mwenye kumfuga. Akitiliwa kitu kibaya, hujenga kwa hicho hicho, na huenda kikamwua yeye au makinda yake. Katika makala haya nataka kueleza ni vifaa gani vifaavyo kwa viota vya ndege wa namna hii, ni vipi vya kuepukwa, na kwa sababu gani. Nitaeleza kwa kuwatazama ndege wetu wa hapa Matambarale, maana hao ndio walimu wa kwanza wa jambo hili.

Sababu ya kuandika

Mjomba wangu akaaye Dar es Salaam hufuga finchi milia katika kibanda cha waya uani kwake. Finchi milia ni ndege wa asili ya Australia, mdogo kuliko shomoro, mwenye mdomo mwekundu. Dume ana mashavu ya rangi ya chungwa na vistari vyembamba kooni, na kwa vistari hivyo ndipo alipopata jina la punda milia. Ndege hawa wamefugwa vizazi vingi katika nchi nyingi, na hao wa mjomba walizaliwa tunduni, hawakukamatwa porini.

Mjomba alikuwa akiwapa vipande vya nyuzi vilivyobaki kwa fundi cherehani, jirani yake. Aliona ni vyepesi, ni safi, tena havina gharama. Ndege walivipenda sana wakajenga upesi. Lakini makinda yalipoanza kukua, moja lilizungushiwa uzi mguuni. Kila lilipojinyosha uzi ulikaza, mguu ukavimba, ukakauka, mwisho ukakatika. Kinda la pili lilikutwa limening'inia nje ya kiota, limekufa.

Wakati wa likizo alinipigia kwa simu ya baba. Nilipomwamkia, alinijibu, "Marahaba, mpwa wangu. Wewe unakaa shamba pamoja na ndege wa jamii hii. Hebu nitazamie, wao wenyewe hujengea nini?"

Basi nikaanza kutazama. Mwalimu wetu wa Baiolojia alinipa masharti mawili: kwanza, nisikaribie kiota chenye mayai au makinda, maana mama akishtushwa huweza kukiacha, pili, nisifumue kiota mpaka nihakikishe kwamba wenyewe wamekwisha kuhama. Nimeyafuata yote mawili, na ndiyo maana kazi hii ilichukua miezi kadhaa.

Ndege wetu hujengea nini

Hapa kwetu mvua hunyesha tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Ndege wadogo walao mbegu hupenda kujenga mvua zinapoelekea kwisha, wakati nyasi ni ndefu na zimeanza kuzaa. Sababu yake ni wazi: nyasi ni nyumba yao, na mbegu za nyasi ni chakula chao na cha makinda yao. Nitataja ndege wanne.

Wa kwanza ni yule mwenye kifua na mkia wa rangi ya buluu na mgongo wa kahawia, ambaye wataalamu humwita Uraeginthus angolensis. Hujenga kiota cha mviringo kama yai kubwa, chenye mlango ubavuni, aghalabu katika mti wa miiba. Nje huweka mabua ya nyasi yaliyokauka; ndani hutandika vishuke laini vya nyasi na manyoya machache. Mara nyingi hujenga karibu na kiota cha nyigu, ili nyigu wamlindie mlango.

Wa pili ni mwenye mdomo mwekundu wa kung'aa na mstari mwekundu uliopita machoni, Estrilda astrild. Huyu hujenga chini, au karibu na chini, katikati ya majani marefu. Hupenda nyasi mbichi, akazikunja pamoja na zile zilizosimama, na mlango wake ni kama bomba fupi. Juu ya kiota huongeza kijumba kingine kitupu. Tena ana desturi ya ajabu: huokota vipande vya mavi makavu ya wanyama walao nyama akaviweka kiotani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba viota vyenye mavi hayo huvamiwa mara chache zaidi, yaani harufu yake huwakimbiza adui.

Wa tatu ni yule mdogo mwenye kichwa cheusi na tumbo jeupe, atembeaye kwa makundi, Spermestes cucullata. Kiota chake ni mpira wa nyasi usio nadhifu sana, ndani umetandikwa vishuke laini. Mara nyingine hujenga karibu na wale chungu wakali waitwao maji moto, na mara nyingine hutwaa kiota kikuukuu cha mnana akakitengeneza upya. Hawa hutumia viota hata kwa kulala tu: kundi zima huingia kiota kimoja usiku likalala pamoja.

Wa nne sote twamfahamu. Ni yule dume jekundu, Lagonosticta senegala, apendaye kukaa karibu na watu, aokotaye punje penye kinu na uani. Hujenga katika paa la makuti au la nyasi, katika tundu la ukuta, au katika kichaka kilicho karibu na nyumba. Kiota chake ni cha nyasi kavu, lakini ndani hujaza manyoya mengi, hasa ya kuku.

Nilipokusanya viota vilivyohamwa nikavifumua juu ya gazeti, niliona jambo moja katika vyote: kila kiota kina tabaka mbili. Tabaka ya nje ni ya kitu kigumu kidogo, chenye kushikilia umbo. Tabaka ya ndani ni ya kitu laini, chenye kutunza joto la mayai. Basi yeyote amfugaye ndege wa jamii hii lazima ampe vyote viwili. Akimpa kigumu tupu, mayai hupoa na makinda huchomwa. Akimpa laini tupu, kiota hubomoka.

Tofauti ya mnana na ndege hawa

Yapasa kueleza hapa kosa wafanyalo watu wengi. Wamewaona mnana wakifuma viota vyao vyenye kuning'inia, wakadhani kila ndege mdogo huhitaji uzi au kamba. Sivyo. Mnana huchana ukanda wa jani bichi, hulizungusha tawi, hulipenyeza, hufunga fundo. Kazi yake ni kufuma kweli kweli. Wale wanne niliowataja, na finchi milia pamoja nao, hawafumi wala hawafungi. Wao hupachika na kukandamiza. Dume huleta bua moja, hulichomeka kati ya mengine, kisha hugeukageuka ndani na kusukuma kwa kifua mpaka pawe na nafasi ya duara. Nyasi hushikana kwa kukwaruzana tu.

Kwa hiyo hawana haja ya uzi mrefu hata kidogo. Uzi kwao si msaada, ni mtego. Huo ndio uliokuwa msiba wa makinda ya mjomba.

Wataalamu wameona nini

Zamani watu walidhani ndege hujenga kwa silika tupu, kama maji yateremkavyo mlima, bila kufikiri wala kujifunza. Siku hizi imejulikana kwamba sivyo. Mwaka 2011 ilichapishwa habari ya wataalamu waliowapiga picha za sinema mnana wa Botswana wakifuma. Waliona kwamba ndege mmoja hubadili namna yake toka kiota hata kiota. Mara huanza kushoto kwenda kulia, mara kulia kwenda kushoto. Na kadiri azoeavyo, ndivyo apunguzavyo kuangusha majani.

Katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, wamechunguza finchi milia wenyewe. Mwaka 2014 walichapisha habari ya madume waliopewa vipande vya kamba, vingine legevu na vingine vigumu. Waliokwisha kujengea walijifunza kupenda vile vigumu, kwa kuwa kiota humalizika kwa vipande vichache. Jaribio jingine la mwaka huo lilionyesha kwamba dume aliyepewa kisanduku chenye mlango mdogo hupendelea vipande vifupi, ambavyo ni rahisi kupita. Na mapema mwaka 2015 ikachapishwa habari kwamba madume wengi, walipopewa karatasi za rangi mbili, walijengea zaidi ile iliyofanana na rangi ya ukuta wa tundu, kana kwamba wataka kiota kisionekane.

Mambo haya yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba ndege anajua kuchagua. Anajua ugumu, urefu, na hata rangi. Lakini kuna jambo moja asiloweza kulijua: hatari ya kitu ambacho hakikuwapo porini kwake. Hajui kwamba uzi wa nailoni haukatiki, wala kwamba nyasi zimepulizwa dawa. Basi kazi imegawanyika. Kuchagua ni kazi ya ndege; kuondoa hatari ni kazi ya mtu. Mfugaji mwema huweka vitu vitatu au vinne vilivyo salama, kila kimoja mahali pake, kisha hurudi nyuma akatazama.

Vifaa vyema vipatikanavyo kwetu

1. Nyasi kavu. Hizi ndizo msingi. Zilizo bora ni nyembamba, zenye kupindika bila kuvunjika upesi, zilizokatwa zikiwa zimekomaa na kuanikwa kivulini. Ukoka ni mzuri. Nyasi nene za kuezekea hazifai, isipokuwa ncha zake na vishuke vyake.

2. Nyasi mbichi. Fungu dogo kila siku lafaa, hasa kwa wale wapendao kukunja. Ziondolewe zikianza kunyauka na kunuka.

3. Vishuke vya nyasi vilivyopukutika mbegu. Hivi ni godoro jema sana. Niliviona katika viota vingi nilivyofumua.

4. Makumbi ya nazi. Sisi wa bara hatuna nazi nyingi, lakini zaletwa kutoka Lindi na pwani nyingine, na watu hutupa makumbi jalalani. Yakichambuliwa na kukung'utwa vumbi, nyuzi zake ni ngumu kiasi, hazisokotani upesi, na hukauka haraka zikilowa.

5. Katani. Nyuzi zake ni safi na zina nguvu, lakini nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Ikatwe vipande vifupi visivyozidi sentimeta 5, au iachwe kabisa.

6. Manyoya ya kuku. Yale madogo ya kifuani, yaliyo laini, ndiyo yafaayo. Ya mabawa ni magumu mno.

7. Vijizizi vikavu na nyuzi za ukindu zilizochanwa nyembamba. Hivi huongeza nguvu katika tabaka ya nje.

Pa kujengea nako kusisahauliwe. Ulaya hutumia visanduku vya mbao vya sentimeta 12 hadi 15 kila upande. Sisi twaweza kutumia kifuu kizima cha nazi kilichotobolewa mlango, kibuyu kidogo kilichokauka, au kikapu cha ukindu kilichofunikwa. Kiwekwe juu, kivulini, mbali na upepo na mvua, na vizidi idadi ya jozi za ndege ili wasigombane.

Vifaa vya hatari

1. Nyuzi za cherehani, nailoni, sufu ya kufumia na nywele za watu. Hizi huzunguka vidole na miguu, nazo hazikatiki.

2. Nyuzi za mifuko ya salfeti. Hizi zimetapakaa kila mahali, mashambani na barabarani, na ndege wa porini nao huziokota. Jua huzichana zikawa nyembamba kama nywele. Tukiziona, tuziokote tuzitupe shimoni.

3. Pamba ya dukani. Yaonekana laini, lakini nyuzi zake ndefu husokotana miguuni, na ndege akizimeza huziba kifuko chake cha chakula. Sufi ya msufi ina nyuzi fupi zaidi, na wengine huitumia. Mimi naona manyoya na vishuke vyatosha.

4. Magunia makuukuu. Mbali na nyuzi zake, mengi yamewahi kutiwa dawa ya ghala kwa ajili ya wadudu.

5. Nyasi zenye dawa. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Ruangwa na Nachingwea. Mikorosho inapochanua hupulizwa salfa kuzuia ubwiriunga, na vumbi lake hutua juu ya majani ya chini. Nyasi za chini ya mikorosho wakati huo zisikatwe kwa ajili ya ndege. Vivyo hivyo nyasi za kando ya shamba lililopigwa dawa ya magugu.

6. Nyasi zilizoota ukungu. Kuvu ikiingia katika mapafu ya ndege humletea ugonjwa usioponyeka kwa urahisi. Ukiinusa nyasi ikanuka uvundo, itupe.

Namna ya kutayarisha

Nyasi zikatwe asubuhi umande ukiisha kukauka, zianikwe siku tatu au nne kivulini penye upepo, kisha zikatwe vipande vya urefu wa kidole cha kati, kama sentimeta 8 hadi 10. Zingine ziachwe ndefu kidogo, maana bua la nyasi likimnasa ndege huvunjika, halifanani na uzi.

Manyoya yahitaji uangalifu zaidi. Kwanza, yasichukuliwe katika nyumba ambayo kuku wanakufa kwa mdondo, maana ugonjwa huo huwashika na ndege wengine. Pili, yamwagiwe maji yanayochemka, yakamuliwe, yaanikwe juani siku mbili, ili utitiri na mayai yake ufe. Utitiri ukiingia kiotani hunyonya damu ya makinda usiku hata yakafa.

Makumbi yaloweshwe, yasuguliwe kwa mikono, yakaushwe, yachambuliwe. Baada ya hayo kila kitu kiwekwe katika kikapu chake kilichotundikwa ukutani mwa tundu, kisiwe sakafuni penye kinyesi na maji.

Wakati wa kutoa na wakati wa kuzuia

Hapa ndipo wafugaji wengi hukosea. Wao hudhani wakiweka nyasi siku zote ndege watafurahi. Lakini finchi milia ana tabia ya kuendelea kujenga maadamu vifaa vipo. Jike hutaga mayai manne, matano au sita. Kisha dume huleta nyasi nyingine akayafunika, jike akataga mengine juu yake. Mayai ya chini hupoa yakaharibika, na jike hudhoofika kwa kutaga bila kikomo.

Kwa hiyo kanuni ni hii: vifaa viwekwe kwa wingi wakati wa kujenga, mara yai la kwanza lionekanapo, viondolewe vyote, isipokuwa manyoya machache. Mayai hulaliwa siku 12 hadi 14, na makinda hutoka kiotani yakiwa na umri wa wiki tatu hivi. Makinda yakisha kutoka, kiota kikuukuu kitupwe, kisanduku kioshwe na kuanikwa, ndipo vifaa vipya vitolewe.

Kuna ndege wengine ambao kwao nyasi ina maana nyingine tena. Dume la yule wa kifua cha buluu, akitaka kuoa, hushika bua la nyasi au unyoya mdomoni, akarukaruka mbele ya jike huku akiimba. Bua hilo ni posa yake. Ndege wa jamii hiyo akiwekwa tunduni bila nyasi, amenyimwa nyumba na posa pia. Tusishangae akikaa mwaka mzima bila kutaga.

Ndege wa porini waachwe porini

Labda msomaji atauliza, "Ikiwa twajua haya yote, kwa nini tusiwakamate wale wa hapa tukawafuga?" Jibu ni mawili.

La kwanza ni la sheria. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyama na ndege wa porini ni mali ya umma, na mtu haruhusiwi kuwakamata bila kibali. Ulimbo na mitego ya watoto, ingawa twaiona kama mchezo, haiko nje ya sheria hiyo.

La pili ni la huruma na busara. Kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizouza ndege wa porini kwa wingi ng'ambo, na wengi walikufa matunduni kabla ya kufika. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingizwa kwa ndege wa porini kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 ukaweka katazo la kudumu. Mwaka 2016 Serikali yetu nayo ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Tangu hapo imedhihirika kwamba mwenye kupenda ndege wa tundu hana budi kuwazalisha humo humo tunduni. Na hawezi kuwazalisha asipojua kiota. Kila kinda lililolelewa vyema tunduni ni ndege mmoja wa porini aliyeachwa na uhuru wake.

Matokeo

Nilimpelekea mjomba furushi kwa basi: nyasi za ukoka, vishuke, makumbi, na manyoya yaliyochemshwa. Aliondoa kila uzi uliokuwamo, akatundika vikapu vinne. Aliniambia kwamba siku mbili za kwanza ndege hawakugusa kitu. Siku ya tatu dume alianza kwa nyasi, akachanganya na makumbi kidogo, na manyoya akayachukua mwisho kabisa, baada ya umbo kutimia. Hakuna aliyemfundisha mpango huo, nao ni ule ule niliouona katika viota vya hapa. Yalianguliwa makinda manne, na yote manne yalitoka na miguu yao mizima. Lile lenye mguu mmoja bado lipo. Limejifunza kutua kwa kuegemea waya, lakini halijapata mwenzi.

Wenzangu wanafunzi, wengi wetu hatutafuga ndege wa tundu. Hata hivyo sote twaishi na ndege hawa. Msimu wa kufyeka mashamba ukifika, tukikuta mpira wa nyasi katika kichaka, tusitie panga kabla ya kutazama kama wenyewe wangalimo. Wazazi wetu wakibadili paa la nyasi, tuwakumbushe kwanza kuangalia lile dume jekundu lina makinda au la. Kungoja wiki tatu si hasara kubwa. Na mfuko wa salfeti uliochakaa usitupwe njiani. Nyuzi zake hazitofautishi kati ya ndege wa Dar es Salaam na wa Matambarale.